Tumchague nani kuwa mwenyekiti wa SACCOS: mtu wa watu, mtu wa hesabu au mtu mwenye jina?

Uchaguzi wa bodi ya SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, huja mwishoni mwa mkutano mkuu, wakati soda zimeshagawiwa na wanaotoka mbali wanachungulia saa. Ajenda za mwanzo zimekula muda: kuthibitisha muhtasari, taarifa ya mkaguzi, makisio ya mwaka ujao, ukomo wa madeni ambayo chama kinaweza kukopa. Kisha wagombea wanaitwa mbele mmoja mmoja kujieleza, na wote wanasema yaleyale: uaminifu, uwazi, ushirikishwaji, kutetea maslahi ya wanachama. Sijawahi kumsikia anayeomba kura akiahidi kuficha mambo. Kwa kuwa maneno hayawatofautishi, tunaishia kumpa kura tunayemfahamu, aliyekuja kutushika mkono msibani, au mwenye sauti nzuri.

Nimekaa katika mikutano hiyo kama mwanachama, na kwa muda kama mjumbe wa kamati ya usimamizi. Sura hubadilika, lakini wagombea wa uenyekiti, hasa katika SACCOS za wafanyakazi na za wafanyabiashara wa mjini, hujirudia kwa aina tatu. Yupo mtu wa watu, yupo mtu wa hesabu, na yupo mtu mwenye jina. Hapa nawaweka bega kwa bega ili ukienda kupiga kura uwe na cha kuwapimia. Niseme mapema kwamba mimi huegemea kwa mtu wa hesabu. Ila kuna hali mbili ambazo kura yangu ingekwenda kwingine, na nitazitaja.

Kazi yenyewe ni ipi

Mwenyekiti hatoi mikopo. Maombi hupita kamati ya mikopo. Kazi za kila siku, kuanzia kupokea marejesho hadi kufunga hesabu za mwezi, ni za meneja na watumishi wake. Kamati ya usimamizi huichunguza bodi yenyewe na kupeleka taarifa kwa wanachama. Bodi huajiri meneja, huweka sera, husimamia utekelezaji, na hujibu mbele ya mkutano mkuu. Mwenyekiti ni mmoja ndani ya bodi hiyo, na kura yake siku ya mkutano ni moja tu, sawa na ya mwanachama aliyejiunga juzi.

Mbona basi cheo kinagombaniwa? Kwa sababu yeye ndiye anayeamua jambo gani lijadiliwe leo na lipi lisogezwe mbele, na ndiye anayesimama kati ya watu wawili ambao mvutano wao haumaliziki: anayeweka na anayekopa. Chukua hesabu ndogo. SACCOS nyingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwenye akiba ya shilingi milioni 2 akichukua milioni 6, milioni 4 kati ya hizo ni za wenzake. Anayekopa ana haraka, ana ada ya mtoto, atapiga simu hata saa nne usiku. Mwenye akiba yuko kimya. Labda amehamishiwa Tunduma, mkutanoni hakufika kwa sababu ya nauli, anachojua ni kwamba pesa yake ipo. Uongozi wa SACCOS, ukiuvua mapambo yote, ni kumsemea huyu wa Tunduma mbele ya yule anayepiga simu usiku, bila kumfanya anayepiga simu ajione amefukuzwa. Sifa za kiongozi zinazotajwa kwenye semina zina maana pale tu zinapomsaidia kufanya hilo.

Wagombea wenyewe

Mtu wa watu unamjua kabla hujafika mkutanoni. Anajua majina ya watoto wako. Kwenye kundi la WhatsApp la chama ndiye anayeandika "poleni sana" wa kwanza na ndiye anayetuliza mambo makato yakikosewa. Chama kikianza, mara nyingi ndiye aliyezunguka idara kwa idara kuwashawishi watu wajiunge. Nguvu yake ni kuaminika, na kuaminika ndiyo bidhaa ya kwanza ya SACCOS. Mtu haweki akiba kwa sababu ya riba peke yake. Udhaifu wake umejificha ndani ya nguvu hiyohiyo: hapendi kumkosesha mtu raha.

Mtu wa hesabu mara nyingi alikuwa mhasibu, mwalimu wa biashara, mkaguzi wa ndani, au ni mama mwenye duka ambaye hajasoma uhasibu lakini daftari lake la mauzo halina kosa. Kwenye mkutano ndiye anayenyoosha kidole ukurasa wa kumi na kuuliza mbona wadaiwa wa mwaka jana na wa mwaka huu hawaoani. Watu huguna. Wakati wa kujieleza haongei vizuri, na mara nyingi hushindwa kwa kura chache. Wahenga walishamsemea kwamba mali bila daftari huisha bila habari, ila wahenga hawakuwahi kumpigia kampeni.

Mtu mwenye jina ni mkurugenzi mstaafu, diwani, mfanyabiashara mkubwa, kiongozi wa dini, au bosi wa idara ambayo wanachama wengi wanafanyia kazi. Anapendekezwa na wengine, naye husema hakutaka lakini ameombwa. Anafungua milango: akipiga simu benki meneja wa tawi anatoka nje kumpokea. Tatizo lake ni kwamba hana muda, na hakuna anayethubutu kumwambia hivyo.

Siku ya kudai madeni

Hapa ndipo tofauti zao zinaonekana upesi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo, WOCCU, lina vipimo vyake vya afya ya chama, na kimojawapo kinasema mikopo iliyochelewa isizidi asilimia 5 ya mikopo yote iliyoko nje. Vyama vingi vinapoanza kuyumba, kipimo hiki ndicho hugonga kengele mapema, kabla ya mtu yeyote kuiba chochote. Deni linachelewa mwezi mmoja, linachelewa miezi mitatu, halafu linabadilika jina na kuwa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Kwenye karatasi chama kinaonekana kinakopesha sana.

Mtu wa watu akiwa mwenyekiti, mdaiwa huenda nyumbani kwake jioni. Wanazungumza. Mdaiwa anaeleza ugonjwa wa mama, na ni kweli mama anaumwa. Mwenyekiti anamwambia meneja "mpe muda huyu". Neno hilo halimo kwenye muhtasari wowote. Baada ya mwaka kuna watu arobaini waliopewa muda, na wadhamini wao, ambao kwa masharti ya chama walipaswa kuguswa, hawajui chochote hadi siku wanayotaka kukopa wenyewe na kuambiwa akiba yao imefungwa. Ugomvi mkubwa niliowahi kuuona kwenye mkutano mkuu ulitoka kwa wadhamini, na aliyelaumiwa ni meneja, ilhali alikuwa akitii maagizo.

Mtu wa hesabu hudai orodha. Kila kikao anataka kuona waliochelewa siku 30, 60 na 90, majina na kiasi. Anauliza barua ya kwanza ilikwenda lini na mdhamini alijulishwa lini. Ni uongozi usiopendeza, na akizidisha unaweza kumvunja mtu: nimeona mwanachama aliyefiwa akipelekewa barua ya madai wiki ileile, na nusu ya idara yake ikaandika barua za kujitoa. Hata hivyo kosa la ukali linaonekana na linarekebishika. Barua inafutwa, mwenyekiti anakwenda kuomba radhi. Kosa la upole halionekani mpaka fedha zimekwisha.

Mtu mwenye jina hawezi kumdai mtu wa hali ya chini, anaona aibu. Na anayemlingana hawezi kumdai kwa sababu wanakutana kwingine. Na kama yeye mwenyewe amekopa, meneja gani atamwandikia barua?

Akikaa na meneja

Meneja mzuri anahitaji mwenyekiti anayemlinda dhidi ya wanachama wenye nguvu na anayemwuliza maswali asiyotaka kuulizwa. Kupata vyote viwili kwa mtu mmoja ni nadra.

Mtu wa watu anamlinda meneja kwa moyo, ila hamwulizi. Taarifa ya fedha inasomwa, anasema "tunashukuru kwa taarifa nzuri", kikao kinaingia ajenda nyingine. Mtu wa hesabu anauliza sana, na hatari yake ni kugeuka kuwa mhasibu wa pili: anakuja ofisini Jumanne na Alhamisi, anafungua droo, anasaini asivyopaswa kusaini. Hapo mipaka inavurugika na mhasibu halisi anaacha kazi. Ukimchagua, mwambieni mapema kwamba bodi inakutana kwa ratiba na nje ya ratiba hiyo ofisi ni ya meneja. Mtu mwenye jina humwachia meneja kila kitu, na meneja mjanja humpenda sana mwenyekiti wa aina hiyo.

Kenya ilitoa somo ghali kuhusu hili. KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo ambao SACCO nyingi ziliweka fedha zao, ulifanyiwa ukaguzi wa kina na kampuni ya PwC, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalitaja upotevu wa shilingi za Kenya bilioni 13.3. Fedha hizo zilikuwa za vyama, maana yake ni za walimu, polisi, wakulima na wafanyakazi waliokuwa wamewaachia viongozi wao kazi ya kuzilinda, na viongozi hao nao wakauachia muungano. Kila ngazi ilikuwa na watu wenye vyeo na majina ya kuheshimika. Kumbuka kwamba nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Vyama vya SACCO tangu 2008 na mamlaka ya kusimamia, SASRA. Sheria haikai kwenye kikao cha bodi kwa niaba yenu. Anayekaa pale ni mliyemchagua.

Historia haimtetei mmoja peke yake

Msomaji atasema namwonea mtu wa watu. Basi tumpe haki yake, na mfano mzuri uko Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko ya mizani: mkulima anafika na pamba yake, mnunuzi anapima mwenyewe, anasema uzito mwenyewe, analipa alichosema. Paul Bomani na wenzake walizunguka vijijini kuwashawishi watu waunde vyama vyao. Ile ni kazi ambayo mtu wa hesabu asingeiweza. Unahitaji mtu wa kukaa na wazee, wa kusikilizwa, wa kuwafanya watu wasiojuana waweke pamba yao pamoja. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya Victoria, Victoria Federation of Co-operative Unions, na kufikia uhuru ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Lakini soma na ukurasa unaofuata. Bomani alikwenda serikalini, akawa waziri. Ushirika nchini ulipanuka haraka baada ya uhuru, na malalamiko ya wizi na uzembe yakaongezeka mpaka serikali ikaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1966. Ilichokikuta nchi nzima kinafanana sana na taarifa za ukaguzi za leo: wanachama wasiojua haki zao, watumishi wasio na ujuzi, demokrasia dhaifu kwenye ngazi za juu, na siasa kuingizwa. Ari ya kujenga ilikuwepo tele. Waliokosekana ni watu wa kutosha wa kuuliza mbona wadaiwa hawaoani.

Na mtu mwenye jina naye ana historia yake, tena ya mbali. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji masikini vya Westerwald huko Ujerumani. Baada ya njaa ya 1846 na 1847 alianzisha vikundi vya kuwasaidia wakulima kwa fedha za matajiri wa eneo lake. Vilifanya kazi kwa muda, kisha hamu ya matajiri ikapungua, na Raiffeisen akafikia uamuzi kwamba hisani haidumu. Mwaka 1864, pale Heddesdorf, aliunda chama ambacho mkopaji sharti awe mwanachama na abebe dhamana pamoja na wenzake. Vyama vyetu vya leo vina damu ya chama kile. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumweke mheshimiwa, atatusaidia", jua wazo hilo lilishajaribiwa na mtu makini kuliko sisi, naye akaliacha.

Nani anaweza kuambiwa hapana

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechukua hiki. Elimu, ukarimu na ufasaha vyote nyuma yake.

Mtu wa watu anaweza kuambiwa hapana uso kwa uso, anacheka, anakubali. Baadaye anaumia, na kama si mkomavu anaanza kuhesabu nani yuko upande wake. Mtu wa hesabu hukataa kuambiwa hapana bila sababu, ila ukimwonyesha tarakimu hana pa kwenda. Jambo limekwisha na kinyongo hakina nafasi kubwa. Mtu mwenye jina haambiwi. Si lazima awe mbaya. Wengine ni wanyenyekevu kabisa. Ni sisi. Mjumbe wa bodi ambaye mkubwa wake wa kazi ndiye mwenyekiti wa SACCOS hatapinga kitu saa kumi jioni halafu kesho asubuhi akaombe ruhusa ya ugonjwa kwa mtu huyohuyo. Katika SACCOS za sehemu za kazi hili ndilo jambo ninaloliogopa kuliko wizi.

Kuna kundi moja linaloachwa nje ya hesabu zote hizi. Wanawake huwekwa watunza hazina kila mwaka kwa sababu "ni waaminifu", halafu uenyekiti unapewa mtu mwingine. Kama mnamwamini kushika fedha zenu kwa miaka sita bila upungufu wa shilingi, na bado anaweza kumkatalia mtu mkopo bila kugombana naye, mnatafuta nini kingine?

Anapoondoka

Mtu wa hesabu huacha mafaili. Mtu wa watu huacha pengo, maana mambo mengi yalikuwa kichwani na kwenye simu yake: nani aliahidiwa nini, nani alipewa muda. Mrithi wake hutumia mwaka mzima kukutana na watu wanaosema "mwenyekiti aliyepita alinikubalia". Mtu mwenye jina, akipata wadhifa mwingine, hutoweka tu, na mnagundua kwamba barua ya kujiuzulu haikuandikwa.

Kwa hali ya chama chenu

Sasa kuchagua. Usianze na wagombea. Anza na taarifa ya mwisho ya mkaguzi na orodha ya wanachama.

Kama chama ni kipya, au wanachama wanajitoa kwa wingi kwa sababu imani imevunjika, mpe mtu wa watu. Hii ndiyo hali ya kwanza niliyoahidi. Hakuna mfumo wa kompyuta unaomrudisha mwanachama aliyekasirika. Anarudishwa na mtu aliyemfuata nyumbani akamsikiliza saa nzima. Lakini mpeni miaka yake, na wekeni kwenye muhtasari kwamba hakuna mkopo unaoongezewa muda kwa mdomo.

Kama fedha zipo lakini haziwafikii, fikirieni mtu mwenye jina. Hali hii ni ya SACCOS za wafanyakazi: mwajiri anakata makato kwenye mshahara kila mwezi na hawasilishi. Wanachama wanaona makato kwenye hati ya mshahara, chama hakioni kitu benki, mikopo inasimama. Meneja ameandika barua, hazijibiwi. Hapo mtu anayeweza kuingia ofisi ya mkurugenzi bila miadi ana thamani kuliko mhasibu bingwa. Ila jiulizeni kama hamwezi kumpata akiwa mlezi wa chama, bila kumkabidhi nyundo ya kikao. Wengi hukubali ulezi kwa furaha zaidi, kwa kuwa hauna vikao vya kila robo mwaka.

Kama mkaguzi ametoa hati yenye shaka, au wadaiwa wamevuka ile asilimia 5 na hakuna mwenye maelezo, au mnabadilisha mfumo kutoka madaftari kwenda kompyuta, basi hoja zote za urafiki zikae pembeni. Mchagueni mtu wa hesabu hata kama hamumpendi. Na kwa vyama vya Tanzania kuna sababu ya ziada: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliziweka SACCOS katika daraja la tatu na kuzitaka ziwe na leseni, chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mamlaka iliyokasimiwa na Benki Kuu. Tangu hapo karatasi zimeongezeka: taarifa za vipindi, uwiano wa mtaji, ukwasi (fedha zilizo tayari kulipa wanaodai). Mwenyekiti asiyeweza kusoma mizania, ile karatasi ya mali na madeni ya chama, atasaini asichokielewa, na saini ni yake.

VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, na vikundi vya kijamii, ambavyo sheria hiyo inaviweka daraja la nne, ni habari nyingine. Watu thelathini wanaokutana kila wiki na kuhesabu fedha mbele ya wote hawahitaji bingwa wa mizania. Anayejua kusimamisha kikao kwa wakati na kukataa visingizio anatosha.

Na mara nyingi jibu zuri ni wawili. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa serikali, yeye akaenda mikoani kukijenga chama cha TANU. Akarudi Desemba mwaka huo akiwa Rais. Kazi ya ofisini na kazi ya kukaa na watu ziligawanywa kati ya watu wawili walioaminiana, na hakuna aliyeona kwamba ya mwenzake ni ndogo. SACCOS inaweza kufanya hivyo bila makuu: mwenyekiti mtu wa hesabu, makamu mtu wa watu anayeongoza mikutano ya wanachama na kupokea malalamiko. Nimeona mpangilio huu ukifanya kazi vizuri. Kinyume chake, mwenyekiti wa watu na makamu wa hesabu, huwa mgumu, kwa sababu makamu anajua hesabu haziko sawa lakini hana uwezo wa kuziingiza kwenye ajenda.

Maswali ya kuuliza wakiwa mbele

Dakika za kujieleza zikiisha, omba nafasi uulize. Muulize kila mmoja kama ana mkopo kwenye chama na kama kuna mwezi alichelewa rejesho; majibu yanaweza kulinganishwa na daftari, kwa hiyo watu hujibu kwa uangalifu. Muulize hoja moja ya ukaguzi wa mwaka jana na angeifanyia nini. Atakayesema "tutakaa kama bodi tuangalie" hakuisoma. Muulize pia mara ya mwisho alipomkatalia jambo mtu anayempenda, kazini au kwenye kikundi kingine. Ukimya wa hapo hujibu mengi, ingawa mtu wa watu atatoa mfano mzuri sana na wewe hutajua kama ni kweli. Usiulize kama ni mwaminifu.

Kura ya mwenyekiti ikipita jinsi usivyotaka, usiondoke. Bado kuna uchaguzi wa kamati ya usimamizi, ambao kwa kawaida hufanywa wakati ukumbi umebaki nusu na watu wanapendekezana kwa utani. Mwenyekiti mwenye jina akikaguliwa na walimu watatu wabishi anaweza kumaliza muhula wake bila madhara. Mtu wa hesabu akikaguliwa na watu wanaomwogopa atafanya anavyotaka. Viti ni vichache, posho yake ni ndogo, hakuna anayevifanyia kampeni, na mjumbe wake ana haki ya kuomba daftari lolote.